Nani Alijenga Pesa za Simu? Utangulizi kwa Wanaoanza Kusoma Maisha ya Wajasiriamali wa Fedha

Swali la kwanza analouliza kila anayeingia katika fani hii ni nani aliyebuni M-Pesa. Uliza Nairobi, utapata majibu mengi. Wapo watakaokutajia Michael Joseph, mkurugenzi mtendaji wa Safaricom kuanzia 2000 hadi 2010. Wapo watakaosema ni Waingereza wa Vodafone. Na ipo simulizi iliyozunguka kwa miaka mingi, kwenye matatu, vyuoni na mitandaoni, ya mwanafunzi wa chuo kikuu aliyebuni mfumo mzima kisha akapokonywa na wakubwa. Safaricom imeikanusha, lakini simulizi bado inaishi. Mimi siichukulii kama uzushi wa kupuuzwa tu. Watu wanataka kujua kitu wanachokitumia kila siku kimetoka katika maisha ya nani, na wangependa mtu huyo awe mwenzao. Hiyo ni haki yao, na msomi anayeikejeli hataweza kuwajibu.

Karibu, basi. Fani yenyewe bado changa na haina hata jina moja linalokubalika kila mahali. Inashughulika na maisha na kazi za watu walioanzisha huduma za fedha zinazopita kwenye simu na kompyuta. Inachota kwenye historia, uchumi, anthropolojia na sheria, na huhitaji kujua kuandika programu ili uingie. Anayejua kusoma leseni, kuhoji wazee kwa adabu na kukaa kibandani siku nzima bila kuchoka ameshapata zana muhimu.

Niseme mapema ninachokiamini, ili msomaji anipime nacho njia nzima. Maisha ya mjasiriamali wa fedha hayasomeki kwa kumfuata yeye peke yake. Muuza sabuni anaweza kufanikiwa kwa sababu sabuni yake inatoa povu. Anayewaomba watu wamkabidhi noti zao, naye awape ujumbe wa simu, ameomba kitu kizito zaidi, na jibu la ombi hilo haliko mikononi mwake. Liko kwa mwenye duka aliyekubali kuwa wakala, kwa afisa wa Benki Kuu aliyetia saini, kwa mama aliyethubutu kuweka shilingi mia mbili za kwanza. Wasifu unaowaacha watu hao nje haujakamilika, hata ukiwa na kurasa mia tano.

Chukua maisha ya Nick Hughes. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa mwajiriwa wa Vodafone nchini Uingereza, katika shughuli za uwajibikaji wa kampuni kwa jamii. Hakutoka idara ya mauzo wala ya kubuni bidhaa, na hilo lina uzito wake. Wazo la kuhamisha fedha za watu wa kipato cha chini barani Afrika lilipaswa kugombea mtaji na miradi mingine ya kampuni iliyoahidi faida ya haraka, na katika ugomvi wa namna hiyo lingeshindwa mapema. Kilicholiokoa ni fedha za umma. Mfuko wa DFID, idara ya Serikali ya Uingereza iliyoshughulikia maendeleo ya kimataifa, ulitoa karibu pauni milioni moja kwa sharti kwamba Vodafone nayo ichangie. Moja ya biashara zinazojulikana zaidi katika historia ya teknolojia ya Afrika ilianza, basi, kwa ruzuku ya walipa kodi. Wasifu nyingi za wajasiriamali hulipita jambo hili haraka, maana linaharibu picha ya mtu aliyeanza mikono mitupu. Nawasihi wanafunzi wafanye kinyume: mtafuteni kwanza aliyelipia hatua ambayo hakuna mwekezaji aliyeitaka.

Na wazo lenyewe la mwanzo halikuwa kutuma pesa nyumbani. Lilikuwa kurejesha mikopo midogo. Faulu Kenya, taasisi ya mikopo, ilikuwa na wateja waliokopa kwa vikundi, wakikutana na kurejesha kwa fedha taslimu. Ilidhaniwa kwamba simu ingewapunguzia safari, foleni na hatari ya kubeba noti.

Hapa anaingia Susie Lonie, mtaalamu wa malipo kwa simu ndani ya Vodafone, aliyekwenda Kenya mwaka 2005 kulisimamia jaribio. Katika simulizi hii ndiye ninayemthamini zaidi, na ndiye anayesahauliwa upesi zaidi, pengine kwa sababu kazi yake haina tukio moja la kupigia picha. Kazi yenyewe ilikuwa kuwafundisha mawakala, kuwafundisha wateja, kutafuta muamala uliopotea, kulinganisha hesabu za simu na hesabu za benki, na kesho yake kuanza tena. Jaribio lilifunguliwa Oktoba 2005, Nairobi na Thika, likiwa na wateja mia kadhaa. Programu ilitengenezwa na Sagentia, kampuni ya Cambridge, na ikawekwa ndani ya laini yenyewe ili ifanye kazi hata kwenye simu ya bei ya chini kabisa. Fedha zilihifadhiwa Commercial Bank of Africa.

Mwaka 2007 Hughes na Lonie waliandika pamoja makala kuhusu miaka ile, na ningependa kila mwanafunzi aanze nayo. Sehemu yake yenye utajiri zaidi ni ile inayoeleza namna wateja walivyoutumia mfumo kwa mambo ambayo hayakuwamo kwenye mpango. Wenye biashara walianza kulipana wao kwa wao. Wengine waliweka mauzo ya siku jioni wakatoa asubuhi, ili noti zisilale nao. Wengine waliweka pesa kabla ya kusafiri kati ya Thika na Nairobi, kisha wakazitoa walipofika, mifuko ikiwa mitupu njia nzima. Wapo waliowanunulia ndugu wa kijijini muda wa maongezi. Wapo hata waliomlipia mwenzao rejesho la mkopo naye akawafanyia kazi fulani. Wakati huohuo lile lengo la awali lilikuwa linasuasua, kwa kuwa kuoanisha miamala ya simu na vitabu vya taasisi ya mikopo kuligeuka kazi ngumu kuliko ilivyotarajiwa.

Walichofanya baada ya hapo ndicho kinachonifanya niwaite wajasiriamali kwa maana kamili. Waliuacha mpango uliowapatia ruzuku na kuwafuata wateja. Mikopo ikawekwa kando. Huduma iliyozinduliwa nchini kote tarehe 6 Machi 2007 ilikuwa na ahadi moja inayoeleweka na kila mtu mwenye kwao: tuma pesa nyumbani. Kuweka kulikuwa bure. Kutuma kwa aliyesajiliwa kulikatwa Sh30. Kabla mwaka haujaisha wateja walikuwa wamepita milioni moja.

Mtafiti makini atauliza palikuwa na nini kabla ya hapo. Palikuwa na bahasha aliyokabidhiwa kondakta wa basi la usiku, hawala ya posta, na binamu anayesafiri Ijumaa. Palikuwa na watu waliokwisha kugundua wenyewe kwamba muda wa maongezi unaweza kutumwa na kuuzwa kama fedha. Ufilipino ilikuwa na Smart Money tangu 2001 na GCash tangu 2004. Kwa hiyo anayetafuta siku moja ya ugunduzi na mgunduzi mmoja hataipata hiyo siku, na hata simulizi ya mwanafunzi wa chuo kikuu, iwe kweli au isiwe, inalikosa swali kubwa. Wazo la kutuma thamani kwa simu lilikuwa limeshazagaa. Kilichokuwa adimu ni mpangilio wa kulifanya liaminike.

Mpangilio huo unaonekana vizuri zaidi katika daftari la wakala kuliko katika hotuba yoyote ya mkurugenzi. Fungua daftari la miaka ile ya mwanzo. Ni kitabu kirefu chenye safu zilizochapwa: tarehe, namba ya muamala, kuweka au kutoa, kiasi, jina la mteja, namba ya simu, namba ya kitambulisho, saini, salio la wakala. Saini nyingine ni herufi moja iliyoandikwa kwa kukandamiza kalamu, ya mtu asiyeandika mara kwa mara. Tazama safu ya salio. Kwenye mtaa wa mjini, mwisho wa mwezi, mistari inafuatana kuweka, kuweka, kuweka, na floti, yaani salio la wakala kwenye simu, inashuka hadi hana tena cha kumpa mteja kwenye simu ingawa droo imejaa noti. Kijijini mambo ni kinyume: kutoa, kutoa, kutoa, kisha pengo la saa kadhaa. Pengo hilo ni wakala aliyeishiwa noti, akafunga duka na kupanda gari kwenda benki ya mjini.

Ili wakala apate floti ilibidi kwanza atie fedha halisi benki. Mteja akiweka, floti ya wakala inapungua na salio la mteja linaongezeka kwa kiasi kilekile. Akitoa, inakuwa kinyume chake. Hakuna shilingi inayozaliwa njiani. Lakini mfumo wote unategemea mtu mmoja kibandani awe na noti drooni na floti kwenye simu kwa wakati mmoja, mjini na kijijini, asubuhi na jioni. Ukishalielewa hilo, kazi ya Michael Joseph inasomeka upya. Miaka kadhaa kabla ya M-Pesa, Safaricom chini yake ilikuwa imejenga mtandao wa wauzaji wa kadi za muda wa maongezi hadi kwenye vituo vidogo vya biashara, na ni kutoka humo walikopatikana mawakala wengi wa mwanzo. Alipokubali kuibeba huduma hii, alikuwa anaikabidhi njia iliyokwisha kuchongwa.

Mhusika mwingine hana sura wala jina linalokumbukwa: barua. Februari 2007 Benki Kuu ya Kenya iliijulisha Safaricom kwamba haina pingamizi huduma ianze. Hapakuwa na sheria ya kulitawala jambo hilo, na afisa mwoga angeweza kusema subirini Bunge. Badala yake palikuwa na masharti. Kila shilingi iliyo kwenye simu lazima iwe na shilingi yake benki, kwenye akaunti ya amana ambayo kampuni ya simu haiwezi kuitumia kwa shughuli zake. Riba ya fedha hizo isiwe mali ya kampuni. Imekuwa ikienda kwenye kazi za hisani. Mabenki hayakufurahi. Mwishoni mwa 2008 John Michuki, aliyekuwa akikaimu Wizara ya Fedha, alitaka mfumo huo ukaguliwe, na habari hiyo ilizua wasiwasi. Ukaguzi ulikamilika mapema 2009, ukasema mfumo uko salama. Sheria ya taifa ya mifumo ya malipo ilikuja 2011, miaka minne baada ya huduma kuanza. Njuguna Ndung'u, gavana wa Benki Kuu kuanzia 2007 hadi 2015, hakuanzisha kampuni yoyote, lakini bila muhula wake hakuna wasifu wa Hughes, wa Lonie wala wa Joseph utakaokamilika.

Kuna pia majaribu ambayo hakuna mjasiriamali anayeyapanga. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwakuta watu wamefungiwa mitaani, maduka na benki zimefungwa. Mtafiti Olga Morawczynski, aliyefanya kazi Kibera na Bukura, magharibi mwa Kenya, ameeleza jinsi M-Pesa ilivyokuwa mojawapo ya njia chache zilizobaki za kupata pesa na muda wa maongezi katika Kibera ya siku zile. Ukisoma kazi yake utaona mjane, kijana wa kibarua na mke aliyebaki kijijini wakiwa na mbinu zao za fedha, zenye akili na siri zake. Sibel Kusimba naye, katika kitabu chake cha 2021, ameonyesha jinsi michango ya harusi, ada za shule na misiba ilivyohamia kwenye simu pamoja na lawama na upendo wake wote. Hawa wawili wananifundisha zaidi kuhusu kufaulu kwa M-Pesa kuliko takwimu za wanahisa.

Tanzania ni kipimo kizuri cha hoja yangu. Vodacom ilileta M-Pesa mwaka 2008, jina lilelile, teknolojia ileile, na Lonie akiwa miongoni mwa waliosaidia. Lakini mwendo ukawa wa polepole. Vodacom haikuwa imelitawala soko kama Safaricom, nchi ni kubwa, mawakala walitawanyika, na matangazo yaliyofaa Kenya hayakugusa watu vilevile. Kama siri ingekuwa kwenye programu au kwenye kipaji cha mtu mmoja, ingehama pamoja navyo. Tanzania ilibidi ijenge njia yake, na kwa jambo moja ikawatangulia majirani: tangu 2014 kampuni zake zilianza kufungua milango wateja wa mtandao mmoja watume moja kwa moja kwenda mwingine, na Vodacom ikajiunga 2016. Leo mtu anauliza kama muamala umesoma, anaomba atumiwe na ya kutolea, na kila mwenye simu ameshapata ujumbe wa tapeli unaosema ile hela tuma kwenye namba hii. Huduma inayotungiwa utapeli wenye maneno yake maalumu imeshakuwa sehemu ya maisha. Tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021, iliyolalamikiwa hadi ikapunguzwa mwaka uleule, ilionyesha upande mwingine: serikali nayo ilikuwa imeshaona mto wa fedha unapita wapi.

Msomaji asidhani ninafuta watu binafsi. Baadhi ya maisha katika fani hii yanashika moyo yenyewe, na ya Ismail Ahmed ni mojawapo. Alizaliwa Hargeisa, akaikimbia vita ya 1988 na kufika Uingereza. Huko alifanya vibarua na kuwatumia ndugu fedha, akiuonja mwenyewe usumbufu wa kwenda hadi kwa wakala na ukubwa wa makato. Baadaye alifanya kazi Umoja wa Mataifa, Nairobi, kwenye mambo ya fedha zinazotumwa na walio ughaibuni, akatoa taarifa kuhusu tuhuma za ubadhirifu, na hatimaye akalipwa fidia. Sehemu ya fidia hiyo ikawa mtaji wa WorldRemit, aliyoianzisha London mwaka 2010 ili watu watume kwa simu kutoka ng'ambo. Maisha yake yanataka kuandikwa kama ya shujaa. Lakini hata hapa, mwangalie anayepokea. Pesa inayotumwa kwa simu kutoka London ina maana tu pale ambapo kuna wakala wa kuilipa Hargeisa, Kampala au Mombasa, na mawakala hao walikuwa wameandaliwa na wengine. Na kabla ya wote walikuwapo Wasomali wa hawala, waliohamisha fedha kwa kuaminiana, kwa simu ya kawaida na daftari.

Mabishano utayakuta, na usiyakwepe. Tavneet Suri na William Jack walikadiria mwaka 2016 kwamba M-Pesa iliziondoa kaya zipatazo 194,000 za Kenya katika umaskini uliokithiri, na kwamba wanawake ndio walionufaika zaidi. Miaka mitatu baadaye Milford Bateman na wenzake waliipinga kazi hiyo vikali, wakihoji mbinu zake na kuuliza faida ya kampuni inaishia kwa nani. Mimi naona ushahidi kwamba familia hustahimili misukosuko vizuri zaidi ndugu wanapoweza kutumiana haraka ni wenye nguvu. Kuhusu umaskini kwa ujumla nina tahadhari zaidi. Mjadala umekuwa mgumu tangu mikopo ilipoingia kwenye simu, M-Shwari mwaka 2012 na Fuliza mwaka 2019. Ni jambo la kutafakari kwamba mikopo, ambayo jaribio la 2005 liliiweka kando, imerudi na kuwa mahali panapoumiza wengi. Hughes mwenyewe, baada ya Vodafone, alishiriki kuanzisha M-KOPA, iliyoanza kwa kuuza taa za sola kwa malipo madogo ya kila siku kupitia M-Pesa. Anayeandika maisha yake ana wajibu wa kuwahoji waliopata mwanga na pia walioshindwa kumaliza malipo, kwa uzito uleule.

Kazi iliyobaki ni kubwa, na nyingi haihitaji ruhusa ya kampuni. Wengi wa mawakala wa 2007 bado wapo. Karatasi za madaftari yao hazidumu katika vibanda vyenye vumbi na mvua, na kila mwaka unaopita unazipunguza. Wanawake walioendesha vibanda hivyo kwa niaba ya wenye leseni hawamo katika kitabu chochote cha ujasiriamali. Kwa Kiswahili, lugha ambayo miamala yenyewe huzungumziwa, maandiko ya kitaaluma ni machache mno kulinganisha na ya Kiingereza. Anayetaka kuanza aende kwa wakala wa muda mrefu wa mtaani kwake siku isiyo ya mwisho wa mwezi, aombe kwa heshima kuona kitabu cha zamani, na ahakikishe majina na namba za wateja zinafunikwa kabla ya kunakili chochote. Aulize mtaji wa kwanza wa floti ulitoka wapi. Jibu la swali hilo mara nyingi linachukua mchana mzima.